Fondanti si gampesti: niliyojifunza nikipamba keki Jinja

Nilipoanza kupamba keki za harusi hapa Jinja, Uganda, kila donge jeupe la sukari lililoweza kusukumwa na kukatwa liliitwa fondanti. Wenye maduka waliliita hivyo, wateja waliliita hivyo, na hata katika mafunzo niliyolipia Kampala tulifunika keki na kukata maua kwa donge lile lile. Imenigharimu fedha, usingizi na machozi kufahamu kwamba pesti, yaani madonge ya sukari ya kupambia keki, ni za aina nyingi, na kwamba kinachozitenganisha hasa ni maji. Kuna pesti inayoyashika maji ili ibaki laini, na kuna inayoyaachia ili ikauke ngumu. Ukishika hilo, mteja akikuletea picha kwenye simu utajua kila kipande kitengenezwe kwa pesti gani, kianze lini, na utoze kiasi gani.

Ninakaa mtaa wa Walukuba, ziwa likiwa karibu. Miezi ya Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, mvua inanyesha na hewa inakuwa nzito kwa unyevu. Sukari hufyonza unyevu huo. Maelekezo mengi tunayosoma yameandikwa na watu wa nchi baridi, wenye nyumba kavu zenye vipasha joto, ambako ua hukauka usiku mmoja. Kwangu, mwezi wa Aprili, ua lile lile linaweza kukaa siku tatu likiwa bado linapinda. Mtu wa Kabale kwenye baridi ya milimani, au wa Arua kwenye kiangazi cha Januari, atapata matokeo tofauti na yangu kwa pesti ile ile. Kwa hiyo vipimo ninavyotoa hapa vijaribu kwanza kwa hewa ya kwako, kabla hujachukua pesa ya mtu.

Fondanti ndiyo ya kufunikia. Ndani yake kuna sukari ya aisingi (ile ya unga laini), shira ya glukosi, jelatini, gliserini na mafuta mgando ya kupikia kidogo. Glukosi na gliserini ndizo zinazoshikilia maji, na ndiyo sababu fondanti nzuri hukaa juu ya keki siku kadhaa na kisu bado kinapita bila kuipasua. Keki ya duara ya sentimita 20, yenye kimo cha sentimita 10, inakula gramu 700 hivi. Ya sentimita 25 inakula karibu kilo moja. Isukume iwe na unene wa milimita 3 au 4. Ikiwa nyembamba zaidi, kila shimo la batakrimu, yaani krimu ya siagi na sukari iliyo chini yake, litaonekana na kingo zitachanika. Ikiwa nene zaidi, itajivuta kwa uzito wake, na walaji wataivua waiache sahanini.

Ninaitengeneza mwenyewe, kwa sababu ya ndoo inayotoka nje ya nchi ingekula faida yangu yote. Kwa gramu 900 za sukari ya aisingi naloweka kijiko kikubwa kimoja cha jelatini ndani ya mililita 60 za maji baridi, nakiyeyusha juu ya mvuke, natia nusu kikombe cha shira ya glukosi, kijiko kikubwa cha gliserini na viwili vya mafuta mgando, kisha namimina kwenye sukari na kukanda. Haifai kuchemka, kwani jelatini iliyochemka hupoteza nguvu ya kushika. Inalala usiku mzima ndani ya kavera (mifuko ya plastiki) mbili, nikiwa nimeipaka mafuta juu. Sukari lazima iwe ya unga laini kabisa. Kiwanda cha sukari cha Kakira ni jirani yetu na sukari ya chembe haituadimiki, lakini kuisaga kwenye blenda ya nyumbani hakutoshi: chembe hubaki, na fondanti huchanika pale pale kwenye kona ya keki. Nunua iliyosagwa kiwandani, na bado uichekeche.

Fondanti ikianza kutoa vijikunjo kama ngozi ya kiwiko, imekauka juu. Mara nyingi ni kwa sababu umenyunyiza konafulawa (wanga wa mahindi) nyingi mezani au umechelewa kuisukuma. Ikande tena kwa mafuta mgando kidogo. Maji usitie.

Sasa maua. Kulikuwa na harusi upande wa Iganga, mwezi wa mvua. Keki ya ghorofa tatu, na mteja alitaka waridi zishuke ubavuni kutoka juu hadi chini. Waridi zile zilikuwa za fondanti, kama tulivyofundishwa. Nyumbani zilisimama vizuri. Tulipofika, hema limefungwa pande zote kwa ajili ya mvua, watu wamejaa, joto na pumzi za watu zimetanda ndani. Kabla maharusi hawajaingia petali zilianza kulala. Kisha ua moja likateleza, likafuatwa na jingine, rangi ya waridi ikaacha michirizi kwenye fondanti nyeupe. Shangazi wa bibi harusi alikuja akasimama karibu nami, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kuna linaloweza kufanyika?" Tulikata majani na maua halisi kwenye mapambo ya meza, tukayafunga mashina kwa nailoni, tukafunika palipoharibika. Nilirudisha sehemu kubwa ya malipo, shilingi 350,000. Faida ya mwezi mzima ilikwenda hapo, na kwa wiki kadhaa sikutaka kupokea oda yoyote yenye maua.

Gliserini ndiyo iliyoziangusha waridi zile. Kitu kinachoifanya fondanti iwe laini mdomoni ndicho kinachoizuia petali kusimama. Ua linataka gampesti.

Gampesti haina gliserini. Ina sukari ya aisingi, ute wa yai, mafuta kidogo, na gamu inayoifanya ivutike bila kukatika: tragakanthi, ambayo ni utomvu wa mimea, au tailosi, ambayo ni jamii ya CMC, gamu ya unga inayotengenezwa kiwandani. Kwa unyevu wetu mimi nimeiona tailosi ikivumilia zaidi. Vipimo ninavyotumia ni ute wa mayai makubwa 4, gramu 900 za sukari ya aisingi, vijiko vidogo 12 vya tailosi na vijiko vidogo 4 vya mafuta mgando. Napiga ute na sukari hadi ushikane, natia tailosi mwishoni, nakanda, nafunga, nailaza saa 24 kwenye friji. Siku ya kwanza utaona imekauka na unadhani umeiharibu. Kesho yake inakuwa nyororo. Ukiisukuma unaweza kufikia wembamba wa kusoma maandishi yaliyo chini yake, na petali ikikauka inalia ukiigonga kwa kucha. Ute wa yai mbichi una hatari ya vijidudu vya salmonela, kwa hiyo kama maua yataliwa tumia ute wa unga uliosafishwa kwa joto. Hata hivyo mara nyingi maua ya waya hayaliwi, na hilo mwambie mteja mapema, hasa penye watoto.

Waya usichomwe ndani ya keki. Funga shina kwa utepe, liingize kwenye mrija wa plastiki safi, mrija ndio uingie kwenye keki. Nimeona waya wenye kutu ukichomwa moja kwa moja kwenye keki iliyogawiwa watu, na nikashindwa kula.

Ununuzi wa CMC unataka macho. Unga huo huo hutumika kutengenezea sabuni ya maji na rangi, na ukizunguka Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, utaupata kwenye maduka ya kemikali kwa bei ya chini sana kuliko kwenye duka la vifaa vya keki. Ule si wa kula. Haujasafishwa kwa kiwango cha chakula. Tafuta pakiti iliyoandikwa wazi kwamba ni ya chakula, yenye namba E466 na tarehe ya mwisho ya matumizi. Mwenye duka akikwambia "ni kitu kimoja tu, dada," weka pesa yako mfukoni uende duka la pili.

Kati ya fondanti na gampesti kuna pesti ambayo ningejua tangu mwanzo ningeokoa fedha nyingi: pesti ya kufinyangia. Hii ndiyo ya vikatuni vya siku za kuzaliwa, viatu vya mtoto, taji, utepe mnene wenye fundo. Fondanti peke yake italala, na gampesti peke yake inakauka ukiwa bado unatafuta pua ya simba. Chukua fondanti yako, uikande na tailosi au CMC kiasi cha kijiko kidogo kimoja kwa gramu 250 hadi 500, kadiri unavyotaka ugumu na kadiri hewa ilivyo. Mwezi wa mvua natia zaidi. Iache saa kadhaa, ikiwezekana hadi kesho. Wengine huchanganya fondanti na gampesti nusu kwa nusu, na inafanya kazi. Gundi yake ni rahisi: robo kijiko kidogo cha CMC kwenye vijiko vikubwa viwili vya maji, ikilala inakuwa uji mzito usio na rangi. Paka kidogo sana, kwa sababu maji mengi huyeyusha sukari na kichwa cha simba kitateleza.

Rangi nazo ni habari ya pesti, si ya brashi tu. Rangi ya maji hulegeza pesti, hivyo tumia ya jeli. Nyekundu kali na nyeusi hudai rangi nyingi mno, pesti inakuwa laini, inanata na ladha inakuwa chungu. Kwa rangi hizo mbili mimi hununua iliyotiwa rangi kiwandani ingawa ni ghali. Ukitaka kutengeneza nyeusi mwenyewe, anzia na fondanti iliyotiwa kakao. Rangi ya waridi na ya zambarau hufifia zikikaa kwenye mwanga, kwa hiyo keki isiwekwe dirishani kutwa ili ipigwe picha.

Nije kwenye jambo lililonibana zaidi ya maua. Hajati mmoja, mama wa bwana harusi, alikuja kuonja keki ya nikaha. Baada ya salamu akachukua kipande, akakitazama, akaniuliza, "Mwanangu, hii nyeupe ya juu ina nini ndani?" Nikamtajia. Nilipofika kwenye jelatini akakirudisha kipande sahanini. "Jelatini ya mnyama gani?" Nami ni Mwislamu, na sikuwa na jibu. Pakiti iliandikwa jelatini tu. Jelatini hutoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, na nyingi duniani hutengenezwa kwa nguruwe. Mashimelo, zile pipi laini kama sponji ambazo wengi wetu tunaziyeyusha ili kupata fondanti ya haraka, gramu 450 kwa gramu 900 za sukari, nazo zina jelatini hiyo hiyo. Nilimwambia ukweli, nikamwomba muda, na nikaanza kutafuta jelatini ya ng'ombe yenye alama ya halali. Ilipatikana Kampala, kwa bei ya juu kidogo. Tangu siku ile sina nyingine jikoni, kwa sababu siwezi kuwa na mabakuli mawili na kukumbuka lipi ni la nani. Waadventista waliokuwa wateja wangu walifurahi pia, maana nao hawali nguruwe. Kwa Wahindu wasiokula nyama, hapa Jinja tunao, jelatini yoyote haifai. Keki zao nazifunika kwa chokoleti ya kufinyangia au nazimaliza kwa batakrimu, na kwa maua natumia pesti ya tailosi na maji, isiyo na yai.

Dini iliniongoza pia kwenye dhahabu. Unga wa dhahabu wa kupaka juu ya fondanti kwa kawaida huchanganywa na pombe kali, kwa sababu pombe hukauka haraka wakati maji yangenatisha sukari. Kwa nikaha sifanyi hivyo. Naupaka mkavu kwa brashi laini juu ya fondanti iliyopakwa mafuta mgando kwa mbali, au nauchanganya na siagi ya kakao iliyoyeyushwa. Rangi inakuwa tulivu kidogo, na Hajati anaweza kula bila wasiwasi.

Na unga wenyewe, tafadhali soma kopo. Maneno "hauna sumu" hayana maana kwamba ni chakula. Kinachotakiwa ni maandishi yanayosema unaliwa, pamoja na orodha ya viungo. Mwaka 2018, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, watoto waliugua baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopambwa kwa unga wa kung'aa. Ulipopimwa ulikutwa una shaba nyingi. Unga wa aina hiyo ulikuwa wa mapambo, haukuwa wa kuliwa. Nikisoma habari ile nilitoa makopo yangu yote mezani, na yasiyo na orodha ya viungo niliyatupa, hata yale niliyonunua kwa bei ya kuuma.

Pesti nyingine nitazipitia upesi kwa sababu hapa hazitumiki sana. Mazipani ni lozi zilizosagwa na sukari. Kwa keki ya matunda, ile nyeusi ya harusi ambayo wazee wengi bado wanaitaka, mazipani huwekwa kwanza juu ya jamu ya aprikoti iliyopashwa moto, kisha ndipo fondanti au roya aisingi (aisingi ya ute wa yai inayokauka ngumu), ili mafuta na rangi ya keki isipenye kwenye weupe. Lozi ni ghali mno Uganda, kwa hiyo naitumia mteja akiwa ameikubali bei, na baada ya kuuliza kama kuna asiyepatana na karanga au lozi katika familia. Pastilaji ni sukari ya aisingi na jelatini bila gliserini wala mafuta. Inakauka haraka na kuwa ngumu kabisa, nzuri kwa mnara wa msikiti au ukuta wa nyumba. Ifanye siku nyingi kabla, uigeuze upande kila baada ya saa chache, la sivyo itapinda.

Chokoleti ya kufinyangia naipenda kwa moyo wote, kwa sababu watu huila hadi mwisho. Chokoleti nyeusi iliyoyeyushwa sehemu tatu, shira ya glukosi sehemu moja au zaidi kidogo. Nyeupe hutaka shira pungufu. Koroga mpaka ishikane tu, usiendelee, kwani mafuta yatajitenga. Tabu yake ni mikono. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye joto la nyuzi 34 hivi, na mwili wa mtu una 37. Nafanya kazi nayo alfajiri, nikiwa na bakuli la maji baridi pembeni ya kuchovya vidole na taulo ya kuvikausha. Keki ya namna hiyo siitumi kwenye harusi ya hemani mchana.

Friji huleta swali kila wiki. Keki yenye fondanti ikitoka kwenye baridi, maji ya hewani hutua juu yake, inang'aa na kunata. Usiifute. Iache itulie mbele ya feni, itakauka yenyewe. Nikilazimika kuweka keki kwenye friji naiweka ndani ya boksi la karatasi lililofungwa, na naitoa ikiwa bado ndani ya boksi ili maji yatue kwenye karatasi. Maua ya gampesti hayaingii friji kamwe. Nayatunza kwenye boksi la karatasi, si la plastiki, pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu vilivyofungwa vizuri, mbali na jiko na bafu. Umeme ukikatika usiku wa kuamkia harusi nisiwe na la kuhangaikia upande wa maua.

Safari ya Kampala inapita msitu wa Mabira, na barabara ina matuta. Ghorofa za keki nazibeba kila moja peke yake, nikizipanga ukumbini. Maua yanasafiri mapajani mwangu, na ninabeba ya akiba, pamoja na donge la fondanti ya rangi ile ile, gundi ya CMC, brashi na mafuta mgando. Petali moja ikivunjika, naziba pale pale.

Bei ndiyo iliyonichelewesha kuliko yote. Zamani nilitoza kwa kilo ya keki, maua ndani yake. Waridi moja kubwa la gampesti lina petali nyingi, na kila petali inasubiri mwenzake akauke. Huwezi kuliweka kwenye bei ya unga na mayai. Sasa karatasi ya oda ina safu tatu. Ya kwanza ni keki na fondanti ya kufunika. Ya pili ni vikatuni, kimoja kimoja. Ya tatu ni maua, ua kwa ua, na malipo yake hutangulia kwa sababu ninaanza kuyafanya wiki mbili kabla, na miezi ya mvua wiki tatu. Chini yake nimeandika kila kiungo kilichomo, jelatini ikiwa na jina la mnyama, na mteja anaweka sahihi. Mteja akiona bei ya maua ni kubwa, namwonyesha maua halisi yanayofaa kukaa juu ya keki, yasiyo na sumu na yasiyopuliziwa dawa, na mara nyingi tunakubaliana hapo.